Je, bwawa la Susitna-Watana litawadhuru samoni wasiofika lilipo?

SWALI: Mheshimiwa mtaalamu, mimi ni mzaliwa wa Uvira, na huu ni mwaka wa nane naishi Anchorage, Alaska, pamoja na familia yangu. Wakati wa kiangazi ninafanya kazi katika kiwanda cha kusafisha samoni, na siku za mapumziko tunakwenda Talkeetna kuvua kwa ndoana. Kila inapotajwa kwamba gesi ya Cook Inlet, ghuba iliyo karibu na Anchorage, inapungua, watu hurudia lile pendekezo la kujenga bwawa kubwa la umeme katika mto Susitna, mahali paitwapo Watana. Mwenzangu kazini anasema bwawa hilo halina neno, kwa sababu litajengwa juu ya korongo ambalo samoni hawawezi kulipita. Mimi nimekulia bonde la Ruzizi, ambako mabwawa yapo tangu kabla sijazaliwa, na hatukuwahi kusikia kelele kama hizi. Je, mwenzangu anasema kweli? Na kwa nini watu wanawataja hata dubu, kulungu na nyangumi walio baharini?

JIBU: Ndugu yangu, mwenzako amesema nusu ya ukweli, na ni ile nusu iliyo rahisi kuonekana kwenye ramani. Ni kweli kwamba ukuta wa Watana ungesimama juu ya korongo linalowazuia samoni walio wengi. Lakini samaki haishi na ukuta, anaishi na maji, na maji ya Susitna yakishapita kwenye mitambo ya kufua umeme hayatakuwa tena ya msimu uleule, wala ya ubaridi uleule, wala ya rangi ileile. Madhara makubwa ya bwawa hili, endapo lingejengwa, yasingetokea pale lilipo. Yangetokea makumi ya kilomita chini yake, katika mikondo ya pembeni ambayo huenda umewahi kuivuka kwa miguu bila kujua kilichozikwa chini ya changarawe.

Nianze na pendekezo lenyewe, kwa ajili ya wasomaji wasiolijua. Susitna huanzia kwenye barafuto za safu ya milima ya Alaska, yaani ile mito ya barafu inayosogea polepole kutoka vileleni, na baada ya safari ya takriban kilomita 500 humwaga maji yake katika Cook Inlet, ng'ambo ya maji kutoka Anchorage. Jina lake limetokana na lugha ya Wadena'ina, wenyeji wa sehemu za chini za bonde hilo, na maana yake ni mto wa mchanga. Sehemu za juu ni nchi ya Waahtna. Wazo la kuuzuia mto huu si jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, jimbo likiwa na fedha nyingi za mafuta, lilipanga kujenga mabwawa mawili, Watana na Devil Canyon, na mwaka 1983 likapeleka maombi ya leseni kwa Tume ya Shirikisho ya Kudhibiti Nishati, inayojulikana kwa kifupi FERC. Bei ya mafuta ikaporomoka, na mwaka 1986 maombi yakaondolewa.

Mwaka 2011 wazo lilifufuliwa chini ya Mamlaka ya Nishati ya Alaska, safari hii likiwa bwawa moja tu: ukuta wa zege wenye kimo cha zaidi ya mita 200, ziwa jembamba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 60 nyuma yake, na mitambo ya takriban megawati 600, ambayo wapangaji walisema ingetoa karibu nusu ya umeme unaohitajika katika ukanda wa reli, kuanzia rasi ya Kenai hadi Fairbanks. Gharama ilikadiriwa kupita dola bilioni 5. Desemba 2014 Gavana Bill Walker, akikabiliwa na upungufu wa bajeti, alisimamisha matumizi mapya ya fedha katika miradi mikubwa, huu ukiwamo, na mwaka 2016 serikali yake ikaamua kuufunga. Lakini tafiti na michoro havikuchomwa moto. Vipo makabatini, na ndiyo maana jina la Watana halikauki vinywani mwa watu.

Sasa tuje kwenye korongo. Kati ya Talkeetna na mahali pa ukuta, mto hubanwa na Devils Canyon, ambako maji hupita kwa nguvu kiasi kwamba waendesha mitumbwi huyaweka maporomoko yake katika daraja la juu kabisa la hatari. Samoni wa aina tano hupanda Susitna kutoka baharini ili kutaga, na wewe unawajua wote kwa mikono yako: Chinook, ambaye wavuvi humwita samoni mfalme, sokai mwenye nyama nyekundu, koho, chamu, na pinki, aliye mdogo kuliko wote. Kati ya hao, ni Chinook peke yao wanaojulikana kulipita korongo, nao ni wachache. Wameonekana hadi Kosina Creek, kijito kilicho juu ya mahali ambapo ukuta ungejengwa. Kwa hiyo hata ile nusu ya ukweli ya mwenzako ina tundu. Kwa hao wachache ukuta ungekuwa mwisho wa safari, kwa kuwa ngazi za samaki, yaani vidimbwi vinavyopangwa kama vipandio ubavuni mwa bwawa, hufaa kwa kuta fupi. Bwawa la Grand Coulee katika mto Columbia, lenye kimo cha mita 168, lilikamilika mwaka 1942 bila ngazi yoyote, na samoni wakakatiwa sehemu yote ya mto iliyo juu yake. Hata hivyo hoja hii siikazii sana. Ukiikazia, mjadala wote utakuwa wa samaki wachache walio juu ya korongo, na walio wengi, walio chini yake, watasahauliwa.

Ulitaja Ruzizi, nami nakushukuru, kwa sababu ni mfano unaoonyesha tofauti vizuri kuliko ambao ningeutafuta mwenyewe. Bwawa la kwanza la Ruzizi lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, la pili mwaka 1989, na yote mawili yako karibu na mahali mto unapotoka katika Ziwa Kivu. Ziwa lile, lenye zaidi ya kilomita za mraba 2,000, ndilo bwawa la kweli la Ruzizi: hupokea mvua za misimu yote miwili na kuziachia taratibu mwaka mzima, na lilikuwa likifanya hivyo kabla mtu yeyote hajamwaga zege pale. Sisemi kwamba mitambo ya Ruzizi haina madhara. Nasema ilikuta mto uliokwisha kutulizwa. Susitna hauna ziwa la namna hiyo. Juni na Julai, theluji na barafuto zinapoyeyuka, hupitisha zaidi ya mita za ujazo 600 kwa sekunde katika kituo cha kupimia maji cha Gold Creek, kilicho juu ya Talkeetna. Mwezi Machi, ukiwa umefunikwa na barafu, hushuka hadi chini ya 50. Viumbe wote wa bonde lile, kuanzia yai la samoni hadi mti ulio ukingoni, wamejipanga kwa kalenda hiyo.

Watu wa Alaska nao wana kalenda yao. Wanahitaji umeme mwingi wakati wa baridi kali, taa zinapowashwa mapema alasiri na kila nyumba inatafuta joto, ilhali mto hutoa maji mengi wakati wa kiangazi, usiku unapokuwa mfupi na mahitaji ni madogo. Bwawa la Watana kazi yake ni kuyachukua maji ya Julai na kuyafikisha Januari. Hilo si kosa la usanifu ambalo mhandisi hodari angelirekebisha. Ndiyo sababu ya bwawa kujengwa. Matokeo yake ni kwamba mto chini ya ukuta ungekuwa na maji pungufu wakati wa joto, na wakati wa baridi ungebeba maji mara kadhaa zaidi ya yale uliyoyazoea.

Niruhusu nikupeleke karibu kabisa na mahali ambapo tofauti hiyo inauma. Kati ya Talkeetna na Devils Canyon, kandokando ya mto mkuu, kuna mikondo ya pembeni ambayo mdomo wake wa juu umezibwa na tuta la changarawe. Watafiti wa miaka ya 1980 waliipa namba, 8A, 9, 11, 21 na nyinginezo, na mpaka leo wanaoushughulikia mto huo huitaja kwa namba kama watu wanaotaja mitaa. Mto mkuu ukishuka chini ya tuta mwishoni mwa kiangazi, mkondo wa namna hiyo hubaki na maji maangavu, ingawa mto wenyewe, hatua chache tu kutoka hapo, una rangi ya saruji iliyokorogwa. Ni maangavu kwa sababu hayatoki mtoni moja kwa moja: hububujika kutoka chini ya ardhi kupitia sakafu ya changarawe, yakiwa na joto la nyuzi 2 hadi 4 hivi za Selsiasi, wala hayabadiliki sana hata hewa iliyo juu yake ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri.

Hapo ndipo chamu na sokai wengi wa sehemu hiyo ya mto hutaga. Ukisimama kimya ukingoni mwanzoni mwa Septemba utamwona jike akilala ubavu na kupiga mkia kwa nguvu mara nne au tano, changarawe ikiruka na kusukumwa na maji, mpaka libaki shimo lenye kina cha shibiri moja au zaidi. Hutaga humo huku dume akiwa ubavuni mwake akimwaga manii, kisha husogea mbele kidogo na kupiga mkia tena, na changarawe ya shimo jipya hufunika la kwanza. Mapezi yake ya mkia wakati huo yamekwisha kulika hadi kuwa meupe. Baada ya siku chache wote wawili wamekufa. Wasomaji wa kandokando ya Ziwa Viktoria wanamjua ningu, anayepanda mito wakati wa mafuriko ili kutaga, lakini ningu hurudi ziwani. Samoni wa Pasifiki harudi. Anachokiacha ni mayai yake, yakiwa peke yao chini ya mawe kuanzia Septemba hadi barafu inapoanza kuyeyuka, na kinachoyalea ni yale maji ya chini ya ardhi.

Sasa chukua wiki moja ya Januari, Fairbanks imeganda na mitambo ya Watana imefunguliwa. Maji mengi yanashuka mtoni chini ya barafu na kuibinua, kina cha mto kinapanda, na maji yanavuka lile tuta na kuingia katika mkondo wa pembeni. Hayo si maji ya nyuzi 4. Ni maji ya mto yaliyo karibu na sifuri, na yanapozamia kwenye changarawe hushusha joto la mayai. Si lazima mayai yafe, lakini kukua kwake hupungua kasi, na kifaranga ambaye angeibuka wakati chakula kinaanza kupatikana huibuka kwa kuchelewa, akiwa mdogo, akakuta wenzake wamekwisha kutangulia. Hatari hii haikubuniwa na wanaharakati. Ilielezwa na wataalamu waliokuwa wakifanya tafiti za mradi wenyewe katika miaka ya 1980. Karibu na bwawa, mambo ni kinyume: maji yanayotoka katika kina cha ziwa wakati wa baridi huwa na joto la juu kidogo kuliko mto wa asili, barafu huchelewa kushika au haishiki kabisa, na mayai yaliyoko huko yanaweza kuanguliwa mapema mno. Mto mmoja unaweza basi kuwachelewesha samaki wake sehemu moja na kuwaharakisha sehemu nyingine.

Kuhusu rangi ya maji, jambo hili huwashangaza watu wengi, nami mwanzoni lilinishangaza. Tumezoea kudhani kwamba maji maangavu ni heri na maji machafu ni shari. Ule ukijivu wa Susitna wakati wa joto ni unga wa mwamba uliosagwa na barafuto, na vifaranga wa Chinook hujificha ndani yake: tafiti ziliwakuta wakiishi katika mikondo yenye ukungu wa unga huo, ambako samaki wakubwa na ndege hawawaoni kwa urahisi. Ziwa la Watana lingenasa mchanga wote na sehemu kubwa ya tope, lakini unga ulio laini kabisa ungeendelea kuelea kwa miezi. Hivyo mto ungekuwa na maji maangavu zaidi kuliko kawaida wakati wa kiangazi, vifaranga wanapohitaji maficho, na yenye ukungu wakati wa baridi, msimu ambao kwa kawaida huwa maangavu.

Kuna pia kupanda na kushuka kwa maji ndani ya siku moja. Mitambo ya maji hupendwa na waendeshaji wa gridi kwa sababu inaweza kuongezwa na kupunguzwa upesi kufuata mahitaji: asubuhi watu wakiamka, jioni wakipika. Kila mabadiliko hayo husafiri mtoni kama wimbi refu la polepole. Maji yanaposhuka haraka, vifaranga waliokuwa wakila ukingoni hubaki katika vishimo vya changarawe na kukauka au kuganda humo. Kasoro hii inaweza kupunguzwa kwa masharti ya leseni yanayoweka kasi ya juu ya kushusha maji, na mabwawa kadhaa Marekani yana masharti ya namna hiyo, lakini kila sharti la aina hii hupunguza faida ileile iliyofanya bwawa lipendwe.

Hapa lazima niwe mwadilifu kwa upande wa pili. Eneo linalotiririsha maji yake hadi Watana ni takriban robo tu ya bonde zima la Susitna. Talkeetna yenyewe imekaa mahali mito mitatu inapokutana, na Chulitna, unaoingia hapo, huleta mchanga na changarawe kwa wingi wa ajabu; chini zaidi kuna Yentna, mto mkubwa wenye samoni wengi ambao hauguswi na ukuta wowote. Chinook wa mto Deshka, koho wa vijito vya chini na sokai wa maziwa ya Yentna wangehisi bwawa kwa kiasi kidogo sana, na anayekwambia kwamba samoni wote wa Susitna wangeangamia anatia chumvi. Ila Chinook wa mito ya Cook Inlet tayari wamepungua kwa muda mrefu, hata uvuvi wao katika Deshka ukafungwa miaka ya karibuni, na samaki aliyepungua hana akiba ya kupoteza. Kinachokabiliwa na hatari ya moja kwa moja ni ile sehemu ya kati, kuanzia Talkeetna hadi korongoni, pamoja na vijito vyake Portage Creek na Indian River.

Mafuriko nayo yana kazi. Maji ya Juni na mapande ya barafu yanayovunjika mwezi Mei hukwangua visiwa, hung'oa miti iliyozeeka, hufungua mikondo iliyoziba na kuleta changarawe mpya. Ukiyaondoa mafuriko, mikondo ya pembeni huanza kujaa vichaka, kisha miti, kisha inakuwa nchi kavu. Hapa ndipo wanyama wa nchi kavu wanapoingia katika habari ya samaki. Musi, yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo cha farasi ambaye bila shaka umewahi kumkuta akila miti ya bustani mjini Anchorage, huishi wakati wa baridi kwa kutafuna matawi machanga ya mierebi, na mierebi michanga huota pale mto ulipokwangua. Msitu ukizeeka visiwani, chakula chake hupanda juu asikokifikia. Katika miaka ya mwanzo baada ya mafuriko kupunguzwa anaweza hata kunufaika, kwa kuwa kingo zilizoachwa wazi huota vichaka vingi. Hasara huja baadaye, wakati ambapo hakuna anayeihusisha tena na bwawa.

Juu ya ukuta mambo ni tofauti, kwa sababu huko bonde lenyewe lingezama. Wangeathirika dubu wanaoshuka kwenye kingo zinazowahi kupata majani mabichi baada ya baridi, tai wenye viota katika majabali ya mto, na kondoo-mwitu weupe wanaokwenda kulamba udongo wenye chumvichumvi katika Jay Creek, karibu kabisa na usawa ambao ziwa lingefika. Wanaonitia wasiwasi zaidi ni karibuu, kulungu wa nchi za baridi, wa kundi la Nelchina. Jina lao linafanana na neno letu la kumkaribisha mgeni, lakini ukaribisho wenyewe usingekuwa mzuri. Ziwa la Watana lingejazwa mpaka mwisho wa kiangazi na kutumiwa wakati wote wa baridi, hivyo kufikia Aprili na Mei usawa wake ungekuwa umeshuka makumi ya mita. Barafu iliyoganda juu wakati ziwa limejaa ingebaki imening'inia na kuvunjika kwenye miteremko, mabamba juu ya mabamba, na chini yake matope. Huo ndio wakati ambao majike wenye mimba husafiri kuelekea mahali pa kuzalia katika upande wa mashariki wa milima ya Talkeetna. Kundi hilo lilikuwa na wanyama zaidi ya 30,000 miaka michache kabla ya 2023. Baada ya misimu ya theluji nzito likawa na chini ya 10,000 mwaka 2023, na uwindaji wake ukafungwa. Bwawa halihusiki na anguko hilo. Nalitaja ili uone hali ya wanyama ambao wangekutana na kizuizi hicho.

Na nyangumi? Beluga wa Cook Inlet, wale weupe, walikadiriwa kuwa kama 1,300 mwaka 1979. Mwaka 2008 waliwekwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na hesabu ya mwaka 2022 ilikadiria 331 tu. Wakati wa machipuko na kiangazi wengi wao hukusanyika kwenye delta ya Susitna, wakila kwanza samaki wadogo wenye mafuta mengi wanaopanda mto mwezi Mei, kisha samoni. Hapa, kwa kuwa delta iko mbali na ukuta na mito mingine imekwisha kuingia, athari ingekuwa ndogo na ngumu kuipima. Lakini sheria ya wanyama walio hatarini haiulizi kama athari ni rahisi kupimwa, na mradi wowote unaogusa chakula chao utalazimika kujibu.

Usinielewe kuwa napinga umeme wa maji. Gesi ya Cook Inlet inapungua kweli, na nyumba lazima ipashwe joto. Mradi wa Bradley Lake, upande wa mji wa Homer, wenye megawati 120 na unaofanya kazi tangu 1991, ulijengwa kwenye ziwa la milimani ambalo samoni hawakulifikia, na mahali maji yanapoachiwa hapafanani hata kidogo na mikondo ya kutagia ya Susitna. Mradi wa namna hiyo naweza kuutetea mbele ya mtu yeyote. Ukitaka kuona upande mwingine, nenda Eklutna, mwendo wa nusu saa tu kutoka Anchorage. Tangu mwaka 1955 maji ya ziwa la Eklutna hupelekwa kwenye mitambo kwa handaki badala ya kupita mtoni. Mwaka 2018 bwawa la zamani lililokuwa sehemu ya chini ya mto liliondolewa, ukuta ukatoweka kabisa, na bado samoni hawakurejea kwa wingi, kwa kuwa maji hayakurudishwa. Pale utaona kwa macho yako kwamba samaki anaweza kuondolewa ukuta na bado akakosa mto.

Watanzania wanaosoma hapa watakuwa wamekwisha kukumbuka Kihansi. Bwawa la pale ni fupi, megawati zake 180 zilihitajika sana, na hakuna aliyefikiri kwamba kuhamisha maji ya korongo moja kungekuwa na mwathirika. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi ukiwa unaendelea, akiishi katika eneo dogo lililoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Maji yalipopungua, rasharasha zikakoma, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Aina yake ikaokolewa na vyura waliokuwa wamepelekwa kufugwa Marekani.

Kwa Susitna, tafiti zilitangulia, na hilo ni jambo jema. Mpango wa utafiti uliopitishwa na FERC ulikuwa na tafiti 58, kuanzia barafu hadi popo, lakini fedha zilikatwa kabla hazijakamilika zote. Kwa hiyo ikitokea siku ukaitwa kwenye mkutano wa hadhara kuhusu mradi huu, usiulize kama samoni wanafika Watana. Uliza ni mita ngapi za ujazo zitaachiwa katika wiki ya baridi kuliko zote, na maji yatafika usawa gani mbele ya mkondo namba 11. Uliza nani atakayeamua usiku ambao Fairbanks inahitaji umeme zaidi na leseni inasema maji yasiongezwe, na kama uamuzi huo utaandikwa katika leseni au utaachwa kwa busara ya waendeshaji. Katika mabwawa mengi niliyoyasoma, samaki hulindwa vizuri sana katika mwaka wa kawaida, na mashaka huanza pale mwaka unapokuwa si wa kawaida.

Na kama una nafasi, panda treni ya Hurricane inayopita kandokando ya Susitna juu ya Talkeetna na kusimama popote abiria anapopunga mkono. Wakati wa baridi hupita siku chache tu, kwa hiyo ulizia ratiba kwanza. Mwezi Machi, mto ukiwa mweupe wote, tazama upande wa mto na utaona hapa na pale mabaka ya maji meusi yasiyoganda, yakitoa mvuke mwembamba. Hayo ndiyo maji ya chini ya ardhi yanayobubujika, na mayai yako hapo chini, kina cha shibiri tu. Ukishuka kuyaona, simama kwenye theluji ya ukingoni, usiingize buti zako majini.